Lori la Kifusi Linakwenda Wapi?

Mwaka juzi nilibomoa bafu la nyumba yangu, Goba jijini Dar es Salaam, ili nilijenge upya. Fundi alishinda siku tatu na nyundo na tindo. Siku ya nne akaja kijana mwenye Canter, tukaelewana bei ya tripu mbili, akapakia, akaondoka. Nilimlipa palepale getini. Sikumuuliza anakwenda kumwaga wapi, naye hakusema. Baada ya wiki mbili hivi, mvua za vuli zikiwa zimeanza, nilipita njia ya mkato inayokatiza korongo lililo nyuma ya mtaa wetu nikakuta rundo la kifusi ukingoni. Juu yake kulikuwa na vipande vya marumaru ya bluu yenye maua meupe. Marumaru hiyo niliichagua mwenyewe Kariakoo, mwaka aliozaliwa mwanangu wa kwanza. Hakuna nyumba nyingine mtaani kwetu yenye maua yale.

Nilisimama pale kwa muda. Maji yalikuwa yameanza kulikwepa lile rundo na kuula ukingo wa upande wa pili, ambako anaishi mama mmoja mtu mzima na wajukuu zake. Mama yule hakubomoa chochote wala hakulipa tripu yoyote. Bafu langu jipya lilikuwa linamng'oa yeye uwanja wake.

Tangu siku ile, kila ninapoona ghorofa likipanda mjini, hasa yale yanayotangazwa kuwa majengo ya kijani, najiuliza kifusi chake kimekwenda wapi. Nimefikia msimamo ambao nitautetea hapa. Jengo lisiloweza kuonyesha kwa karatasi, tripu baada ya tripu, lilikomwaga kifusi chake, halistahili kuitwa la kijani, hata kama taa zake zinajizima zenyewe na paa lake limejaa paneli za jua. Na kinachotukwamisha zaidi ni namna tunavyomlipa dereva wa lori. Mashine za kusaga kifusi ni suala la baadaye.

Vyeti vya majengo ya kijani vyenyewe havilingani katika jambo hili. EDGE, mfumo wa shirika la IFC la Benki ya Dunia unaotumika sana katika nchi zinazoendelea, hupima vitu vitatu: nishati ambayo jengo litatumia, maji, na mzigo wa mazingira uliokwisha kutokea katika kutengeneza vifaa vya ujenzi. Jengo likiokoa angalau asilimia 20 katika kila kimoja, linapata cheti. Ni mfumo mzuri kwa sababu hauhitaji bajeti ya kutisha, na una jambo moja ninalolipenda: ukuta wa zamani ukiuacha usimame, unahesabiwa kuwa haukuleta mzigo mpya. Lakini lori linalotoka getini halimo kati ya vitu vyake vitatu.

LEED, mfumo wa Wamarekani, unauliza swali hilo moja kwa moja. Katika toleo lake la nne, lililotoka mwaka 2013, mradi hauruhusiwi hata kuanza kuhesabu alama kabla haujaandika mpango wa taka za ujenzi. Mpango huo utaje angalau aina tano za vifaa vitakavyookolewa visiende dampo, useme vitatenganishwa hapohapo saiti au vitapelekwa vikiwa vimechanganyika, na mwishoni itolewe ripoti ya uzito halisi. Baada ya hapo ndipo alama zinapatikana: ukiokoa asilimia 50 ya taka katika makundi matatu ya vifaa, au asilimia 75 katika makundi manne. Udongo na miti iliyong'olewa wakati wa kusafisha kiwanja havihesabiwi, na ni sawa, maana kwa udongo peke yake kila mtu angefaulu.

Kuna njia nyingine katika toleo hilo la LEED ambayo haisemwi sana, nayo ndiyo naiona bora. Badala ya kuhesabu asilimia uliyookoa, unahesabu taka zote ulizozalisha. Zisipozidi kilo 12.2 kwa kila mita ya mraba ya jengo, umepata alama. Chukua ghorofa la mita za mraba 5,000. Taka zake zote, kuanzia msingi mpaka rangi ya mwisho, zisizidi tani 61. Hizo ni tripu sita za tipa la tani 10, na kidogo juu yake. Nimewaonyesha hesabu hiyo mafundi wawili watatu ninaowaheshimu. Mmoja alitikisa kichwa, akaniambia, "Mzee, sita tunatoa kabla ya ghorofa ya kwanza."

Sababu zake anazijua kila aliyewahi kusimama saiti. Nondo zinauzwa zikiwa na urefu wa mita 12. Mchoro ukitaka vipande vya mita 3.5, kila nondo inatoa vipande vitatu na kubakisha mita moja na nusu. Hiyo ni asilimia 12.5 ya chuma ulichonunua, nacho kitaishia kwa muuza skrepa kwa bei ya kutupa. Mchoraji angevuta ukuta ili vipande viwe vya mita 4, au angeurudisha viwe vya mita 3, isingebaki hata inchi. Hakuna mashine ya kurejeleza inayoweza kushinda penseli hiyo.

Tofali nazo zina kisa chao. Mfyatuaji anayetaka kubana matumizi anautanua mfuko mmoja wa saruji mpaka utoe tofali nyingi kupita uwezo wake, kisha anazimwagilia siku mbili badala ya kuzilea wiki nzima na zaidi. Zinapofika kwa mjenzi zinapokewa kwa kurushwa kutoka kwenye gari, mtu kwa mtu, na zile za chini zinavunjika zikiwa hazijaona hata udongo wa kujengea. Kisha fundi anafika kwenye kona, ukuta haukuishia kwenye tofali nzima, anachukua panga na kuchonga nusu. Nusu moja inaingia ukutani, nyingine inabaki chini. Mwisho wa siku saidia fundi anazisomba hizo nusu kwa toroli na kuzijaza kwenye shimo la kwanza analoliona. Hapo hakuna uovu wowote. Ni kazi ya kila siku, na kila nusu ina saruji iliyochomwa kwenye tanuri la nyuzi joto zinazofika 1,450.

Ninaikazania saruji kwa sababu huko ndiko mazingira yanakoumia zaidi. Utengenezaji wake unakadiriwa kutoa kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ya ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu duniani, na zaidi ya nusu ya hewa hiyo haitoki kwenye makaa ya tanuri. Inatoka ndani ya mawe ya chokaa yenyewe yanapopasuka kwa joto. Zege likishakauka, ukalivunja na kulisaga, unapata kokoto, lakini saruji iliyokwisha kazi hairudi. Kwa hiyo ninapousifu urejelezaji, na nitausifu, naomba msomaji akumbuke kwamba ni jibu la pili. La kwanza ni kutovunja kisichohitaji kuvunjwa, na kutonunua kitakachobaki.

Wazee wa mwambao walikuwa na bahati moja ambayo sisi tumeipoteza. Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja na za Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa ni laini kuliko jiwe. Ukuta ukizeeka, jiwe linabanduka likiwa zima, linakung'utwa na kupangwa tena kwenye ukuta mwingine, na boriti na mlango vinahamia nyumba mpya vikiwa na nakshi zao. Saruji haiachii. Ukijaribu kuibandua tofali ya leo, inakufa yenyewe kabla ya udongo ulioishika. Tumechagua kifaa chenye nguvu na cha haraka, nami simlaumu mtu, maana nyumba yangu imejengwa nacho. Ila kifaa kisichoachia kinatudai tupange mwisho wake siku ileile tunayoweka msingi.

Isidhaniwe kwamba nchi zetu hazijui kuokoa. Nenda popote nyumba inapobomolewa Dar es Salaam au Nairobi uangalie nani anafika kwanza. Mabati yanashuka yakiwa mazima, misumari inang'olewa na kunyooshwa. Milango, fremu, grili, masinki na nyaya za umeme vyote vina mnunuzi kabla ya jua kuzama. Nondo zinachokolewa kwenye nguzo za zege kwa nyundo, kipande kwa kipande, na vijana ambao mikono yao imeota sugu kama kisigino. Ungeandika ripoti ya LEED ya kazi ya vijana hao, chuma na mbao vingepata alama zote. Lakini hawapimi uzito, hawana risiti, na kazi yao haionekani popote kwenye cheti. Mshauri wa majengo ya kijani anayekuja na kurasa nyingi za mpango wa taka bila kukaa na watu hawa hata asubuhi moja amepitwa na nusu ya mpango wake.

Vijana hao wakishaondoka, kinabaki kile wasichokitaka: zege, tofali zilizovunjika, plasta, vigae, mchanga uliochanganyika na saruji. Ndicho kizito kuliko vyote, ndicho kinachopakiwa kwenye lori, na ndicho kinachomwagwa makorongoni.

Nacho kina matumizi. Mwaka 2013 watafiti, akiwemo mtaalamu wa Chuo Kikuu Ardhi na wenzake wa Eindhoven, Uholanzi, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika na vifusi vya hapahapa kwetu. Walichukua sampuli nane kutoka saiti za ujenzi na ubomoaji, wakazisaga, wakazichekecha, wakafyatua tofali za zege bila kuchanganya hata kokoto moja mpya: kokoto zote na mchanga wote vilitoka kwenye kifusi. Kokoto hizo za kifusi zilikuwa dhaifu kuliko kokoto za kawaida. Hata hivyo asilimia 85 ya tofali zilizopimwa zilifikia nguvu ya nyutoni 7 kwa milimita ya mraba, ambayo ndiyo kiwango cha chini kinachotakiwa Tanzania kwa tofali ya kubeba mzigo. Zaidi ya miaka 10 imepita. Ningetegemea leo kila halmashauri iwe na uwanja mmoja wa kazi hiyo.

Kanuni za kitaalamu zenyewe hazitishi. Kokoto ya kifusi inanyonya maji kuliko kokoto ya jiwe kwa sababu imefunikwa na udongo wa zamani wa saruji, kwa hiyo inaloweshwa kwanza, vinginevyo itaiibia saruji mpya maji yake. Kwa zege la nguzo na mihimili, mhandisi mwangalifu hatazidisha asilimia 30 hivi ya kokoto hiyo, tena baada ya kupima. Lakini kwa jamvi chini ya msingi, kwa tofali, kwa tabaka la chini la barabara ya mtaa, kwa vitofali vya njia ya miguu, inatosha kabisa. Na mahitaji hayo ndiyo mengi mjini.

Kuna masharti mawili ambayo siyalegezi. La kwanza ni mabati ya asbesto yaliyoezekwa kwenye nyumba na shule nyingi za zamani. Hayavunjwi, hayarushwi, wala hayasagwi na kitu chochote, kwa sababu nyuzi zake zikiingia mapafuni hazitoki, na saratani yake inaweza kungoja miaka 30 au 40. Yanaondolewa na watu wenye vifaa, yakiwa yameloweshwa, na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. La pili ni jipsamu, ambayo sasa imejaa kwenye dari za kila mtaa. Ikizikwa penye unyevu pasipo na hewa inatoa gesi yenye harufu ya yai viza, na kwa wingi gesi hiyo ni sumu. Kipande cha dari kilichochanganyika na kifusi kinaharibu lori zima. Ndiyo maana kutenganisha kunafanyika saiti, siku ileile, kabla ya beleshi la kwanza.

Sasa niliseme lililo moyoni. Fungua BOQ, yaani orodha ya vifaa na gharama, ya mradi wowote wa kawaida, ule mkubwa wa kurasa mia au mdogo wa kurasa nne, utakuta saruji imehesabiwa kwa mfuko, nondo kwa kilo, na hata bawaba za milango zimehesabiwa moja moja. Kifusi kina mstari mmoja: kuondoa kifusi saiti, jumla, kiasi fulani. Basi. Mkandarasi anampa kazi mwenye malori, mwenye malori anamlipa dereva kwa tripu. Mtu anayelipwa kwa tripu atapata zaidi akifanya tripu nyingi kwa siku, na atafanya nyingi akimwaga karibu. Dampo la Pugu Kinyamwezi liko mbali, foleni ni ndefu, dizeli ni ghali. Korongo liko dakika 10. Hatuhitaji dereva mbaya ili kifusi kiishie mtoni. Mkataba wetu wenyewe unamwelekeza huko.

Geuza malipo. Dereva asilipwe kwa lori lililotoka getini, alipwe kwa stakabadhi ya mahali alikoshusha, yenye uzito, tarehe na namba ya gari. Mkadiriaji majenzi aandike kwenye BOQ kifusi kwa tani na kwa aina: zege na tofali, mbao, chuma, vilivyochanganyika. Mhandisi asisaini hati ya malipo ya mwezi bila kuona stakabadhi hizo. LEED inataka karatasi hizohizo, kwa hiyo mradi unaotafuta cheti haungeongezewa kazi. Na mradi usiotafuta cheti, kama nyumba yangu ya Goba, ungepata kwa bei ndogo kile chenye thamani kuliko nembo iliyopachikwa ukutani.

Nitaulizwa, stakabadhi kutoka wapi wakati hakuna pa kupeleka? Swali ni la haki, na hapo ndipo halmashauri zinapoingia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 imezikabidhi serikali za mitaa jukumu la taka ngumu. Kenya imekwenda mbele kwa sheria yake ya mwaka 2022, inayozitaka kaunti ziwe na vituo vya kupokea taka na kutenganisha kinachoweza kutumika tena. Kituo cha kifusi si dampo. Hakinuki wala hakivuti nzi. Kinahitaji uzio, mizani, mtu wa kuandika, sehemu za kupanga vitu kwa aina, na maji ya kunyunyiza kwa ajili ya vumbi. Mashine ya kusaga inaweza kukodiwa siku chache kwa mwezi. Kila wilaya ya jiji ikipata viwili vilivyo karibu na ujenzi wenyewe, hesabu ya dizeli ya yule dereva inabadilika bila kumpiga faini mtu.

Hao wa kufanya kazi pale tunao tayari. Kunduchi, kwenye machimbo ya mawe, wapo akina mama ambao kwa miaka wameketi chini ya vivuli vya viroba wakipasua jiwe kwa nyundo na kuuza kokoto kwa ndoo. Niliwahi kukaa na mmoja wao mchana mzima. Alikuwa amejitengenezea pete ya mpira wa tairi, anazungushia jiwe ndani yake ili lisiruke linapopigwa, na kila baada ya mapigo machache anageuza uso pembeni kukwepa vumbi. Vumbi hilo la mawe huharibu mapafu taratibu, na kitambaa cha pua hakitoshi. Kazi ya kuchagua na kuchekecha kifusi katika kituo chenye maji ya kunyunyiza, barakoa za kweli na malipo ya mwezi, ingekuwa nafuu kwake. Kama vituo vitajengwa halafu vikapewa wawekezaji wenye mashine tupu, huku yeye na vijana wa nondo wakifukuzwa getini, nitakuwa wa kwanza kuvipinga.

Wapo wanaosema gharama itamwangukia mnunuzi wa nyumba. Itamwangukia, kiasi. Lakini gharama ipo hata sasa, ila analipa mtu mwingine: mama wa ng'ambo ya korongo, abiria wa mabasi ya mwendokasi waliokwama Jangwani maji yalipofunga barabara, halmashauri inayochimbua mtaro uleule kila mwaka. Na huko huko mitoni tunakomwaga kifusi ndiko tunakochota mchanga wa kujengea, kinyume cha sheria mara nyingi, mpaka kingo zinaporomoka na madaraja yanaachwa yakining'inia. Lori linakwenda na kifusi na kurudi na mchanga kutoka bonde moja. Kituo cha kusaga kingeweza kuikata safari hiyo pande zote mbili.

Mwezi uliopita nilihitaji kubomoa ukuta wa uzio uliopinda. Barabarani kwetu, kwenye ukuta wa kiwanja kimoja, kuna maandishi ya rangi nyekundu yenye namba ya simu: KIFUSI KINAHITAJIKA. Mabango ya namna hiyo yamejaa pembezoni mwa Dar es Salaam. Wenye viwanja vya bondeni wanataka kuinua ardhi yao, na mara nyingine wanainua yao na kumsukumia jirani maji. Kwa hiyo nilipiga nikiwa na mashaka. Akapokea mwanamke, akanieleza kwamba si wa bondeni, ana uwanja wa kufyatulia tofali na vitofali vya njia, huwa anasaga kifusi na kuchanganya na kokoto mpya. Nilimwambia ninazo kama tripu mbili. Nilidhani ataniuliza niko wapi.

"Kina nini ndani?" akauliza. "Kama kuna jipsamu, mbao au udongo mwekundu, usiniletee. Kaa na fundi wako mkitenganishe, kisha unipigie."

Tulikaa asubuhi nzima, mimi, fundi na kijana wake, na viroba vitatu. Jioni gari lake lilikuja. Kabla ya kuondoka dereva alitoa daftari la kurasa za mistari, akaandika tarehe, jina la mtaa, na kwenye safu ya mwisho mahali anapokwenda kushusha, akanipa nisaini.